Penalti Tano za Mjomba wa Newala

Ndugu zangu wa Tukuyu, kila nikija likizo mnaniuliza kama ni kweli huku kusini tunalala na simba. Leo nawasimulia safari yangu ya Newala ili muache maswali hayo. Simba sikumkuta. Nilimkuta mjomba, na kuna wakati siku ile ningekubali kubadilishiwa.

Sababu ya safari ilikuwa golikipa. Mnajua nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Masasi. Siku walimu walipogawana kazi za michezo nilikuwa nimetoka kidogo kwenda msalani, na niliporudi nikakuta nimeshakuwa kocha wa mpira wa wasichana. Mpira nilikuwa siujui, na hata sasa msiniulize sana habari za kuotea. Lakini Mungu alinihurumia akanipa Stumai, binti wa kidato cha pili, mrefu, mpole, mwenye viganja kama sinia. Akisimama golini mpira haupiti. Wakubwa wa timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na saba walimwona kwenye mashindano ya shule wakamwita kambini Dar es Salaam, na kutoka kambini timu inapanda ndege kwenda kwenye fainali za dunia. Fainali za dunia, jamani, siyo bonanza la Pasaka! Alitakiwa awe kambini Jumatatu jioni. Asipotokea, anaitwa mwingine.

Mimi nikafanya kile ambacho Mnyakyusa yeyote angefanya: nikaenda kuomba ruhusa kwa baba yake. Baba Stumai ni fundi baiskeli kule Mkomaindo, mtu mwema asiyejua kukataa. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, akalia, akafunga kazi, akaenda kuwatangazia wauza matunda wote wa barabara ya hospitali. Nami nikatangaza mstarini. Mkuu wa shule akahutubia, wanafunzi wakaimba, mpishi wetu akachinja jogoo ambaye kusema kweli alikuwa wa jirani. Tulisherehekea juma zima.

Ijumaa asubuhi nikapita kwa mama yake Stumai kununua vitumbua. Akaniuliza huku anavigeuza, "Mwalimu, hivi mjomba wake amesemaje?"

"Mjomba yupi?"

"Kaka yangu, wa kule Newala."

"Kwani yeye anahusikaje? Baba yake ameshakubali."

Mama yule alicheka mpaka kitumbua kimoja kikaungua. "Mwalimu, Baba Stumai ni mume wangu na nampenda. Lakini mtoto ni wa kaka yangu. Baba Stumai anaweza kukubali mpaka jua lizame, atakuwa amekubali peke yake. Sisi Wamakonde mtoto anafuata kwa mama, na msemaji wa kwa mama ni mjomba."

Miaka yote niliyokaa Masasi, na hilo sikulijua! Nikakimbia shuleni kumtafuta Stumai. "Wewe mtoto, mbona ulininyamazia?"

"Mwalimu, hukuniuliza," akasema taratibu. "Ulianza kuimba."

"Basi utakwenda, au hutakwenda?"

"Mjomba asiposema neno siwezi kwenda, Mwalimu."

Tukampigia simu mjomba. Alisikiliza kama nusu dakika, kisha akasema habari ya mtoto haisemwi kwenye simu, njooni, na akakata.

Jumamosi alfajiri tulikuwa stendi ya Masasi, wanawake watatu: mimi, Stumai na Mama Sesilia. Huyu ndiye mpishi wa shule, yule wa jogoo. Ni Mmakua wa hapahapa Masasi, Mwanglikana tangu enzi za babu yake, mwenye sauti inayosikika mpaka darasa la mwisho. Alijialika mwenyewe. "Mama Ipyana," aliniambia, "huwezi kwenda kwa Wamakonde peke yako. Utapewa maji ya kunywa na kuagwa. Mimi wale ni watani zangu. Mtani hafungiwi mlango."

Utani wenyewe nilikuwa nausikia tu. Kwamba Mmakua na Mmakonde wanaweza kutukanana, kunyang'anyana kofia, hata kuchekeshana msibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Nikadhani ni maneno ya watu wazima ya kupitisha muda. Nilikuwa na mengi ya kujifunza siku hiyo.

Kabla basi halijaondoka Mama Sesilia alisimama katikati ya viti akatuombea safari. Alimwombea dereva, akaombea matairi, moja moja, akamwombea na fundi aliyeyafunga popote alipo. Konda alipoona muda unakwenda akasema "Amina" kwa sauti. Mama Sesilia akamtazama, akaanza upya.

Njiani kulikuwa kuzuri. Unaiacha milima ya mawe ya Masasi, iliyokaa kama viazi vilivyomwagwa vikasahauliwa, unapita njia panda ya kwenda Chidya, halafu ni mikorosho kushoto na mikorosho kulia. Mwezi ule ulikuwa wa kupulizia salfa, ile dawa ya unga wa manjano wanayoinyunyiza kwenye mikorosho isishikwe na ukungu. Mashambani uliona mawingu ya manjano yanatembea, na ndani ya kila wingu kulikuwa na mtu amebeba pampu mgongoni. Abiria wote walipiga chafya. Mama Sesilia alikuwa anawajibu "Afya!" mmoja mmoja, akachoka, akaanza kuwajibu kwa mafungu.

Tulipoanza kupanda kuelekea juu, kwenye kona kali, boga la abiria mmoja wa kwenda Tandahimba liliteleza kutoka kwenye kichanja cha mizigo likawa linaelekea kwenye kipara cha mzee aliyekuwa amesinzia. Stumai alikuwa anatazama nje dirishani. Alinyoosha mkono mmoja akalidaka, akaliweka mapajani, akaendelea kutazama nje. Mzee akaamka, akaliona boga, akampongeza dereva kwa kuendesha vizuri. Nilijisikia fahari, ingawa na mimi sikuwa nimefanya lolote.

Saa nne hivi tukashuka Newala. Baridi yake ilinikumbusha nyumbani, ila hapa ni baridi isiyo na migomba wala mvua, na maji ni kitu cha kuheshimiwa. Mji umekaa juu, pembeni kabisa. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla, na chini kule unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Nikaanza kueleza habari za miinuko na mabonde, kwa sababu mwalimu wa jiografia akiona kitu kama kile hawezi kujizuia. Mama Sesilia alikwishaondoka kutafuta ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoichemsha na kuila na chumvi na pilipili. Tukala tumesimama.

Stumai akanyoosha kidole upande wa Msumbiji. "Mwalimu, huko timu inakokwenda ni mbali kama pale?"

"Pale ni jirani tu, mwanangu. Kule ni mbali sana, unavuka na bahari."

Akautazama mng'oko wake, akanipa mimi niumalizie. Nilidhani ameshiba.

Kijiji cha mjomba kipo mbele kidogo ya mji, tukachukua bodaboda. Na hapo ndipo mambo yalipoanza. Tulipofika hatua chache kutoka uani, Mama Sesilia akanisukumia kapu lake, akavua kilemba, akajifunga kanga kiunoni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele ambao sijausikia tangu nizaliwe.

"Uwiii! Mtani wangu kafa! Kafa na hamkuniambia! Mmemla peke yenu!"

Ndugu zangu, mimi niliamini. Nilijua yote yamekwisha. Mjomba amekufa, ruhusa imekwenda naye, na Stumai hana pa kwenda. Nikaanza kulia na mimi, tena mimi nililia kweli. Majirani wakamiminika. Mke wa mjomba, Mama Hadija, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamkimbilia nikamkumbatia shingoni. "Pole sana, mama! Pole sana! Amekwenda lini?"

"Amekwenda asubuhi," akasema, amekakamaa kama mti. "Lakini chakula cha mchana atarudi."

Nikajua ni uchungu unaomfanya aseme hivyo. Nikazidi kumkumbatia. Nilipoinua macho juu ya bega lake, nikaona kitu kinatoka mikoroshoni. Kilikuwa na umbo la mtu, kimekuwa cha manjano kuanzia nywele mpaka miguuni, kope za manjano, masharubu ya manjano, na moshi wa manjano unakifuata nyuma. Kikafungua mdomo.

"Nani kanililia?"

Sitawaeleza nilivyokimbia. Nitasema tu kwamba walinitoa nyuma ya banda la kuku, na kwamba kandambili yangu ya kushoto haijaonekana mpaka leo.

Alikuwa mjomba mwenyewe, ametoka kupuliza salfa. Kijiji kizima kilikuwa chini kinagaagaa kwa kicheko. Mama Sesilia alikuwa ameshakalia kiti cha mjomba, kile cha kamba ambacho hakikaliwi na mwingine, ameweka mguu juu ya mguu. "Basi kama hujafa, niletee maji," akamwambia. "Na uoge, unanuka kiberiti kama mtu aliyetoka kuzimu."

"Mmakua wewe," mjomba akamjibu, meno meupe ndani ya uso wa manjano, "ukinililia tena nitakufa kweli, na sanda ya kunizikia huna."

Ndipo nikaelewa kwamba huo ndio mlango aliosema mtani hafungiwi.

Stumai akapiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ikabadilika kabisa. Akataka kumshika kichwa, akaikumbuka ile salfa, akaurudisha mkono. Akaoga kwa kopo moja la maji, na nawaambieni alitoka safi. Sisi Tukuyu tunamaliza ndoo mbili na bado shingo inakuwa na weusi.

Mchana tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Nilitaka kuanza kusema shida yetu kwenye tonge la kwanza, Mama Sesilia akanikanyaga mguu, ule usio na kandambili. Kwanza ziulizwe habari za Masasi. Kisha habari za wagonjwa wa Masasi. Kisha habari za mvua, ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa pili mjomba aliponigeukia.

"Sasa, Mwalimu. Mtoto anakwenda wapi?"

Nilijimwaga. Nilieleza fainali za dunia, nchi zote zinazokuja, bendera, ndege, wimbo wa taifa, wasichana wa dunia nzima wa umri wa Stumai kwenye uwanja mmoja. Majirani waliokuwa wamebaki waliguna kwa kuridhika. Mjomba naye alikuwa anaitikia kwa kichwa vizuri, nikaona mambo yanakwenda.

"Sina neno na mpira," akasema. "Hata mimi nimecheza. Anacheza namba ngapi?"

"Namba moja," nikasema kwa kujidai. "Ni golikipa."

Kikombe chake kikasimama hewani. Wazee wawili waliokuwa pembeni wakatazamana.

"Golikipa," mjomba akasema. Akamtazama Stumai kwa huruma kubwa. "Mwanangu, umekosa nini?"

"Hajakosa kitu!" nikasema.

"Mwalimu, mimi nimecheza mpira kijiji hiki miaka mingi. Golini tulimweka aliyechelewa kuja. Asipochelewa mtu, tulimweka mwenye pumu. Anasimama tu pale, wenzake wanakimbia, goli likiingia anatukanwa yeye. Sasa ninyi mmemchukua mtoto wa dada yangu, mmpandishe ndege, avuke bahari, akasimame? Si kuna wenye pumu hukohuko?"

Nilisema yote niliyoyajua kuhusu golikipa, na mengine ambayo sikuyajua. Nilisema ni mlinzi wa lango. Mjomba akasema basi ni mgambo. Nilisema ndiye anayeona uwanja mzima. Akasema hata mchunga mbuzi huona. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa, na mzee yule alikuwa hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye hasira unaweza kumsubiri apoe.

"Mwacheni," Mama Sesilia akasema kutoka kwenye kile kiti, anachokonoa meno. "Mtani wangu anaogopa golikipa kwa sababu hajawahi kumfunga hata mmoja. Mjini wanasema alikuwa akipiga penalti mpira unarudi nyuma."

Mjomba akasimama. "Mimi? Mimi niliyekuwa naitwa Mzinga?"

"Mzinga wa nyuki," Mama Sesilia akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Neno la mtani halikataliwi mbele ya majirani. Mpira wa shule nilikuwa nao kwenye mfuko, maana kocha hatembei bila mpira, hata kocha wa kusingiziwa. Mikorosho miwili ikawa goli. Mama Sesilia akajiteua refa, na kwa kuwa hakukuwa na filimbi, akasema atatumia kigelegele.

Mjomba akaweka masharti, watu wote wanasikia. "Napiga tano. Kama kweli huyu ni wa kwenda kulilinda lango la nchi, isipite hata moja. Ikipita moja, anabaki, na habari ya ndege isirudiwe uani kwangu."

"Na isipopita?" nikauliza.

"Hiyo haipo," akasema.

Kijiji kizima kilikuja. Nilimfuata Stumai golini nikamwambia maneno ya kikocha ambayo siyakumbuki. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Ya kwanza, mjomba aliipiga polepole kwa dharau, katikati. Stumai akaiokota kama mtu anayeokota kanga iliyoanguka. Ya pili akaitia nguvu, kushoto. Stumai akawa ameshafika kushoto. Kigelegele.

Ya tatu ndiyo itakayosimuliwa Newala mpaka wajukuu. Mjomba alikuwa bado amevaa gambuti zake za shambani. Akarudi nyuma, akaja mbio, akapiga. Gambuti la kulia likachomoka likaruka juu kulia, mpira ukatambaa chini kushoto. Stumai akauzuia mpira kwa mguu na kulidaka gambuti kwa mkono, yote kwa pamoja. Salfa ikamwagika kutoka kwenye gambuti ikamfunika uso. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema kilichopigwa ni vyote viwili, kwa hiyo vyote viwili vihesabiwe. Mwingine akasema gambuti lingeingia lingekuwa nusu goli. Refa akawasikiliza kwa makini, kisha akaamua kwamba gambuti limeotea.

Ya nne Stumai aliipangua kwa ncha za vidole, ikagonga mkorosho. Hapo kicheko kikapungua. Niliona watu wanaanza kumtazama mjomba kwa jicho la kumwonea haya. Mzee wa watu, uani kwake, mbele ya mkewe na shemeji zake na mtani wake, anazuiliwa na mtoto aliyempigia magoti kabla ya chakula. Mama Hadija akasogea karibu na mkorosho, akasema kwa upole, lakini sote tulisikia:

"Stumai, mwanangu. Huyo ni mjomba wako."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Adabu ilitaka mpira mmoja upite. Ukipita, Stumai hapandi ndege. Nilitaka kupiga kelele, sikujua nipige kelele gani. Nani anamwambia mtoto asimheshimu mjomba wake?

Ya tano mjomba alivua gambuti zote mbili. Akarudi nyuma mpaka karibu na jiko. Hakuna aliyetania, hata refa. Akaja, akaupiga kwa mguu mtupu, na nawaambia ukweli, Mzinga lilikuwa jina la haki. Mpira ulikwenda juu kulia unavuma. Stumai akaruka. Mwili mzima ulikuwa hewani, umenyooka, mkono mmoja mbele. Akaugusa. Ukapita nje ya mkorosho, na yeye akaangukia mizizi kwa kiwiko.

Kigelegele hakikulia.

Mjomba akatembea mpaka pale, peku. Akamwinua kwa mkono, akamfuta mchanga, akakitazama kile kiwiko kilichochubuka. Uso wake sikuweza kuusoma. "Nani kakufundisha kuruka hivi?" akauliza.

Nikakohoa kidogo na kujiweka sawa.

"Wewe, mjomba," Stumai akasema.

"Mimi?"

"Kwenye mapapai. Wewe ulikuwa unayatungua na upondo, mimi nakaa chini nadaka yasipasuke. Kila jioni, nilipokuwa naishi kwako, kabla sijapelekwa Masasi kusoma. Ulikuwa unasema papai likigusa chini limekuwa la kuku."

Mjomba akaitazama mikono ya Stumai. Midomo yake ikawa inacheza. "Hakuna lililopasuka," akasema.

"Lilipasuka moja, mjomba."

"Lile halikuwa kosa lako. Lile lilikuwa limeiva sana." Na mzee yule, Mzinga, akajifuta macho kwa mkono akasingizia salfa. Akawageukia watu. "Mmeona? Mimi ndiye kocha. Huyu Mwalimu amemmalizia tu." Kisha akamwekea Stumai mkono kichwani. "Nenda, mwanangu. Nenda ukadake. Mimi nimesema."

Ndipo refa akapiga kigelegele, na wanawake wote wakakidaka, na mimi nikacheza ngoma nisiyoijua na mguu mmoja mtupu. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikasahau kuudhika kwa kunyang'anywa ukocha.

Jumapili asubuhi tukaagana. Mjomba alitusindikiza mpaka barabarani na gunia la mapapai. Akanipa ujumbe wa kupeleka Mkomaindo: "Mwambie shemeji yangu, Baba Stumai, kwamba sasa anaweza kukubali." Mama Sesilia akampora kofia na kuondoka nayo kichwani. Mjomba akapiga kelele kwamba ameibiwa, akiwa amefurahi sana.

Katika basi la kurudi nilikuwa napanga hotuba ya mstarini. Tulikuwa tumeshaanza kushuka kuelekea Masasi nilipoona mabega ya Stumai yanatikisika. Alikuwa analia, bila sauti, uso ameuelekeza dirishani.

"Kiwiko kinauma?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, naogopa. Ni mbali. Simjui mtu hata mmoja."

"Sasa mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Nilikuwa naomba mjomba akatae," akasema. "Angekataa ningebaki, na hakuna ambaye angejua. Halafu jana Mama Hadija aliposema vile, nikaona hata akatae asikatae, naweza kuuachia mmoja tu. Kila mtu angesema nina adabu. Ule wa tano nilitaka kuuachia, Mwalimu. Nilitaka kabisa."

"Ikawaje?"

Akaigeuza mikono yake mapajani, akaitazama. "Sikuweza. Ulipokuja, nikautaka."

Mama Sesilia, kofia ya mjomba kichwani, hakutania. Alimvuta Stumai akamlaza begani kwake, akamkumbatia hivyo mpaka tukafika stendi.

Jumatatu alfajiri alipanda basi la Dar es Salaam. Baba yake alikubali upya, akalia upya. Timu ikaenda fainali, ikafungwa mechi mbili, ikashinda moja, ikarudi nyumbani, na katika zote tatu golini alisimama msichana wa Newala ambaye mimi na Mama Sesilia, tukimtazama kwenye televisheni ya shule, tulijua kwamba anaogopa, na hatukumwambia mtu.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba kwa Wamakonde uanze na mjomba, na kwamba mtu akililiwa na Mmakua usitoe rambirambi mpaka uone jeneza. Lakini zaidi ni hili. Mimi nilizunguka kwa baba, kwa mama, kwa mjomba, nauliza kama mtoto anaruhusiwa kwenda. Hata siku moja sikumuuliza Stumai kama anataka. Aliyemuuliza ni mjomba wake, kwa mguu, mara tano, na mara zote tano Stumai alijibu kwa mikono.